Mende wa Mkwe

Nyaishozi, Karagwe
4 Februari 2024

Mdogo wangu Novatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe, wifi Prudensia na watoto hamjambo huko Lindi na joto lenu. Sisi tupo. Maharage tumevuna, si mengi, mvua ilikatika yakiwa kwenye maua. Kahawa ya kule juu kwa marehemu mama imezaa mwaka huu kama inayojua kwamba haina wa kuichuma. Benadeta wa jirani anakusalimu. Binti yake ameolewa Kihanga, na mbuzi wake bado anakula migomba yetu, tena haoni haya, si mbuzi wala mwenye mbuzi.

Usishangae kuona barua zama hizi. Ulipopiga simu siku ya Mwaka Mpya, baba alisikia sauti yako ikitoka mkononi mwangu. Alikutafuta chumbani, uvunguni, ghalani kwenye magunia, kisha akatoka. Nilimpata kesho yake mchana kwenye njia ya Nkwenda, huko Kyerwa, hana viatu, anasema anawahi kipindi cha baiolojia. Shule ya Nkwenda aliyofundisha alistaafu miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu siku hiyo simu nimeizima na kuificha. Niandikie kwa sanduku la parokia. Ufunguo anao Anatory wa ofisi ya parokia, na barua hutuletea Jumapili baada ya misa.

Sasa nisikilize. Ule uvimbe wa tumboni niliokudokeza, daktari amesema si wa kungoja. Nimepewa tarehe 22 Aprili, Mwanza, nikapasuliwe. Nitakaa huko wiki tatu au nne. Benadeta amekubali kukaa na baba muda huo wote, ila ametoa sharti moja, kwamba awe mtu wa kutulia. Na baba hatulii kwa jambo lolote duniani isipokuwa mende wa Mkwe.

Unamkumbuka Mkwe, yule buibui wa manyoya ambaye baba alimfukua kiwanjani Nkwenda, akamwita hivyo kwa sababu mkwe haguswi wala hatazamwi usoni. Yupo hai, mzee kama sisi. Kila asubuhi baba anaketi na lile deli la plastiki la mende mapajani, anashika kibano, anamchagulia Mkwe mmoja wa kula. Saa mbili nzima, mdogo wangu! Anamwinua huyu, anamtazama tumbo, anamrudisha. Ndio muda wangu wa kulima, kufua na kulia kidogo. Akimaliza anasahau, nami namtoa mende ambaye Mkwe hakumtaka, ili kesho achaguliwe tena.

Lakini mende wanakwisha. Mwezi wa kumi na mbili, msimu wa senene, nilirudi kisimani nikamkuta amewanyonyoa mabawa na miguu mende zaidi ya mia kama ni panzi wale wa kula, amewapanga kwenye ungo, ananiambia kwa upole wake wa Kinyambo, "Leta chumvi, waitu, tukaange." Waliobaki hawazai, na deli linanuka. Wewe ndiye uliyekuwa msaidizi wa baba tangu darasa la tatu. Niandikie namna ya kuwaokoa. Au njoo mwenyewe, na hilo ndilo ningelipenda zaidi.

Ni mimi dada yako,
Adelgunda


Lindi
26 Februari 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako nimeipokea, nikaisoma nikiwa ofisini mlango umefungwa. Huku hatujambo. Mkubwa anajiandaa kwa kipaimara, mdogo ameota meno mawili. Prudensia anauliza kama bado unatengeneza ile togwa ya mtama. Habari ya Mwanza imenishtua, ila namshukuru Mungu umepata tarehe. Ugonjwa ukishajulikana ni nusu ya kupona.

Sasa kuhusu mende. Deli linanuka kwa sababu limelowa. Watoe wote kwenye beseni, choma takataka za chini, osha deli kwa maji ya moto bila sabuni, likauke juani kabisa. Usiweke udongo wala majimaji. Chakula kikavu ni pumba za mahindi na dagaa kidogo waliosagwa. Maji wayapate kwenye kipande cha karoti au ganda la ndizi, na jioni ukitoe kabla hakijaota ukungu, maana ukungu huua deli zima kwa wiki. Karagwe ni baridi kwao. Ndiyo maana hawazai. Waweke kwenye rafu ya juu ya jiko, pale mama alipokuwa anakausha mbegu, ila wasiguswe na moshi. Wapate giza. Wasimamishie trei za mayai, zile za karatasi, wapate pa kujificha, kwa kuwa mende asiye na maficho hazai.

Wenye mabawa marefu ni madume. Dume mmoja anatosha majike wanne, wakizidi wanapigana. Jike mwenye tumbo lililojaa asiguswe kabisa, huyo ndiye benki yako. Wa kumpa Mkwe asizidi ukubwa wa tumbo la Mkwe mwenyewe. Baba alikuwa anasema mlaji asitishwe na sahani yake. Na Mkwe akianza kukataa kula huku tumbo lake limekuwa jeusi, ujue anataka kujivua gamba, basi usimwachie mende hai usiku kucha. Akiwa laini vile, mende ndiye anayemla yeye.

Na tafadhali, usiwachukue mende wa jikoni kwa watu kuongezea. Hujui wamepita kwenye dawa gani.

Kuhusu kuja, kipindi hiki ni cha bajeti na mkurugenzi hatoi ruhusa kwa mtu. Mende wakiongezeka kufikia Pasaka, Benadeta hatapata shida. Tuone.

Msalimie sana baba. Au usimsalimie, kama itamsumbua.

Mdogo wako,
Novatus


Nyaishozi
18 Machi 2024

Novatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumo katika Kwaresima na njaa yake, nyingine ya kujitakia na nyingine si ya kujitakia. Mvua imeanza vizuri. Mbuzi wa Benadeta amezaa mapacha, kwa hiyo migomba yangu sasa ina wageni watatu.

Nimefanya yote uliyoandika. Niliosha deli nimejifunga khanga puani, maana mimi na mende unatujua. Siku ya kumi na mbili niliona vidoti vyeupe vinatembea kwenye pumba, nikadhani ni wadudu wa mahindi. Kumbe ni watoto! Nilipiga kigelegele jikoni peke yangu. Wadogo nimewahamishia kwenye kopo lao. Sasa wote wamefika mia mbili na zaidi, na baba anachagua mpaka jua linafika kwenye kizingiti.

Trei za mayai zimenishinda. Mwenye duka anatakiwa azirudishe Kayanga, alinipa mbili kwa kunionea huruma, na baba alizichana akidhani ni mitihani iliyofeli. Basi nimetumia akili yangu. Jumuiya walikuja kwetu Ijumaa kwa Njia ya Msalaba, nikatandika nyasi ndani kama tulivyolelewa, zile laini za kando ya kahawa ya jirani Rogasian. Zilizobaki nikawatandikia mende. Wamezipenda! Wamejichimbia humo utafikiri wamealikwa. Nitakuwa nawabadilishia kila baada ya wiki mbili, zisioze.

Nikirudi kwenye lile langu. Damu inatoka siku ambazo si zake. Juzi nilikaa chini ya mgomba nikashindwa kuinuka mpaka Benadeta alipopita. Uso pia umevimba upande mmoja, nilijigonga mlangoni.

Nilikuuliza lini utakuja, ukanijibu habari za karoti. Sikatai, karoti zimesaidia. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na wewe mwenyewe unajua. Benadeta ni mwanamke wa miaka sitini na nane na magoti mabovu. Kitu kidogo tu kikiharibika, mimi siendi Mwanza. Niambie ukweli, ni bajeti au ni nini?

Adelgunda


Lindi
5 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Naandika kwa haraka, nisamehe kwa kukosa salamu za Pasaka. Barua yako imefika leo. Toa hizo nyasi. Zitoe zote sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma. Rogasian hupulizia kahawa dawa ya wadudu mvua zikishachanganya, na upepo unaipeleka kwenye nyasi. Kama bado hajapulizia, atapulizia siku yoyote. Mende akilalia nyasi ile anakufa, na kabla hajafa Mkwe atamla. Ukishaona mende mmoja tu amelala chali, usimpe Mkwe kitu chochote wiki mbili.

Nimepiga simu yako mara tisa, imezimwa. Namba ya Benadeta sina, ya Anatory sina. Nimejiona mjinga kwamba ninazo namba za watu mia nne na hakuna hata mmoja wa nyumbani.

Mlango haumgongi mtu shavuni. Ni baba?

Juni huenda nikapata nafasi. Bado sijajua.

Novatus


Nyaishozi
28 Aprili 2024

Novatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Sina habari za familia leo. Familia ni mimi na baba, na hizi ndizo habari zetu.

Barua yako ya tarehe tano nimeipata leo. Anatory alifiwa na baba mkwe huko Kyerwa, akaenda matanga na ufunguo wa sanduku mfukoni. Alikaa siku kumi na nne. Barua ilikuwa imelala posta Kayanga ikinisubiri, na mimi Jumamosi ya tarehe 13 nikachukua mundu nikaenda kukata nyasi mpya kwa Rogasian. Zilikuwa nzuri kuliko zote. Nilishangaa hata mbuzi wa Benadeta amezinusa akaziacha, na bado sikuelewa. Mtu aliyezaliwa katikati ya kahawa!

Jumapili mchana walikuwa chali, miguu inatetemeka. Nilidhani ni baridi, nikaongeza kuni. Asubuhi hiyo baba alikuwa ameshamchagulia Mkwe mmoja mnene, na Mkwe, ambaye wiki nzima alikuwa anakataa, siku hiyo akamrukia. Jumatatu akaanza kutembea kiubavu kama mlevi wa rubisi. Miguu ilikuwa inaruka yenyewe. Alijikunja Alhamisi. Mende wakubwa wote wamekwisha. Wamebaki wale wa kwenye kopo ambao sikuwatandikia, na kati yao wanaofaa kushikwa na kibano ni kumi na mmoja.

Unajua kilichofuata. "Mkwe hajala." Asubuhi Mkwe hajala, mchana Mkwe hajala, na deli ni tupu, basi anaondoka kwenda kumtafutia. Siku tatu alitoka mara tano. Benadeta alilia akanishika mikono akasema, "Dada Ade, nakupenda waitu, lakini siwezi kumkimbiza mwalimu mpaka Nkwenda. Akianguka mtoni mtasema nini juu yangu?" Nilimwelewa. Tarehe 22, saa niliyotakiwa niwe kitandani Mwanza, nilikuwa kwenye kahawa nimeshika koti la baba kwa nyuma, ananiburura. Kitanda walimpa mwingine. Tarehe mpya ni 24 Juni, na daktari aliponiuliza kwenye simu ya Benadeta kwa nini sikufika sikuweza kumwambia mtu mzima kwamba ni kwa ajili ya mende.

Sasa nikuambie nilichofanya, unihukumu ukipenda. Kwenye kabati la baba kuna yale magamba ambayo Mkwe alikuwa anajivua, ameyahifadhi na tarehe zake. La mwisho ni zima kabisa, miguu minane na manyoya yake, ungeapa ni mwenyewe. Nililiweka kwenye sanduku la kioo, mlangoni mwa shimo lake. Mkwe mwenyewe nimemzika kwenye mgomba. Baba alikuja, akatazama muda mrefu, akaketi, akashika kibano.

Kila asubuhi anachagua kati ya mende kumi na mmoja. Anampa gamba. Akigeuka namtoa namrudisha. Kuna mmoja mwenye doa mgongoni, huyo ameshaliwa mara nne na hajambo. Nacheka Novatus, halafu nashindwa kuacha kucheka, halafu inakuwa kitu kingine.

Ndiyo, ni baba. Ilikuwa fimbo. Aliniona mwizi.

Njoo. Maji yamenifika puani, si shingoni tena.

Adelgunda


Lindi
20 Mei 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara sita. Prudensia amesema nisipoituma leo ataandika yeye.

Ile barua yangu ya mende ya mwezi wa pili, nilikesha nikiiandika. Nilifikiri nikikuandikia kila kitu ninachokijua, mende watapona, baba atatulia, Benadeta atakaa naye, wewe utapasuliwa, na mimi sitahitajika kuja. Huo ndio ukweli ulioniuliza. Bajeti ni uongo. Ruhusa ya mwaka huu ninayo, siku ishirini na nane, sijagusa hata moja.

Nilikuja. Tarehe 28 Desemba nilishuka Nyaishozi saa tano asubuhi, nina mkoba na mfuko wa zawadi. Sikukuambia, nilitaka niwashtue kwa furaha. Nilimwona baba mbele ya fundi cherehani, amesimama peke yake, koti amelivaa ndani nje. Nikamwendea. Kabla sijafungua mdomo alivua kofia, akainama, na akasema, "Shikamoo, mheshimiwa."

Baba yangu mzazi, dada. Mbele za watu. Mwalimu Byarugaba, ambaye alinichapa nikiwa na miaka saba kwa kumpita mzee bila kumwamkia, ameniinamia mimi na kofia mkononi.

Na mimi nikasema, "Marahaba."

Sijui kwa nini. Mdomo ulijibu wenyewe, kama unavyojibu ofisini. Akafurahi akaniuliza kama nimetoka wizarani na kama mishahara ya walimu itapanda. Nilimpa mfuko wote. Kisha nikavuka barabara nikapanda gari la kwanza lililosimama, na Omurushaka nikashuka kutafuta basi la kurudi. Siku ya Mwaka Mpya nilipokupigia simu nilikuwa nataka kukuambia. Nikasikia sauti yake nyuma yako ikiuliza, "Nani huyo?" nikakutakia heri ya mwaka.

Nimepokea shikamoo ya baba yangu. Hakuna kosa kama hilo kwetu, na hakuna padri wa kuliungamia maana hata jina halina. Kila nikifikiria kuja naona kofia ile. Nitafanyaje akiniinamia tena, nyumbani kwake, na mimi nimebeba shuka za kulalia?

Nisaidie kufikiri.

Novatus


Nyaishozi
8 Juni 2024

Novatus,

Kumbe ile sukari na kitenge ni wewe. Baba aliniambia serikali imemkumbuka, nami nikazunguka mtaa mzima kuuliza amemwibia nani.

Nimekasirika, kwa hiyo nitaandika kidogo. Ulifika. Ulikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka mlangoni kwangu, ukageuza kwa sababu ya salamu! Mimi ananiita mama. Ananiita mwizi. Wiki iliyopita aliniita Edith, na Edith simjui, na nikamwogesha nikiwa Edith. Siku moja aliniita dirisha. Naitika yote, mdogo wangu. Nani kakuambia mimi naweza na wewe huwezi?

Unauliza nikusaidie kufikiri. Mimi sina nguvu ya kufikiri. Nimekonda, gauni la Jumapili nalifunga kamba. Nikisimama ghafla naona giza. Naogopa kufa, Novatus, naliandika wazi ili usije ukasema sikukuambia.

Naondoka tarehe 21, uwepo usiwepo. Usipokuwepo nitamfungia ndani, na ufunguo nitamwachia Mungu.

Adelgunda


Nyaishozi
30 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea mkwe wa Benadeta, amesafiri kwenda Mwanza kununua vipuri. Tangu tulipoachana pale stendi sijalala vizuri. Hukuniambia umekonda kiasi kile. Uliniambia, najua, lakini kusoma ni kitu kimoja. Nilipokubebea mkoba niliogopa kukushika mkono. Niandikie upasuaji umekwendaje, hata mstari mmoja. Ugali naweza, ndizi na maharage naungua vidole. Na wale mbuzi watatu tumeelewana.

Baba hajambo. Siku ya kwanza alinifukuza kwa fimbo, ya pili akaniuliza nimekuja kukagua nini, ya tatu akanipa kibano nimshikie. Mende wamefika hamsini na sita. Majike wawili wana mimba na nimewatenga. Nakaa naye asubuhi yote kwenye benchi anachagua, nami namsikiliza akiwafundisha mende sehemu za mwili wao.

Juzi Ijumaa kimetokea kitu, na ni lazima ukijue. Alikuwa ameshamchagua mmoja, amemnyanyua, amefika mlangoni mwa sanduku la Mkwe. Akasimama. Akanitazama usoni kwa macho yale ya zamani, ya ubaoni. Akasema, "Bwana mkaguzi, hilo ni gamba. Mwenyewe alikufa wakati wa mvua."

Akamwingiza mende taratibu, akafunga kifuniko.

"Lakini usimwambie binti yangu," akasema. "Anateseka sana kunitafutia hawa mende. Akijua najua, atalia, na ni mgonjwa."

Nikamuuliza, nikimwita baba kwa lugha yetu, "Binti yako nani, Tata?"

"Adelgunda," akasema, kama mtu anayeshangaa swali la kijinga. Baada ya muda akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na kama kwetu kuna mvua. Lakini jina lako alilitaja, dada. Nimeona nikuandikie siku hiyohiyo, nikakosa msafiri.

Ruhusa yangu inaisha tarehe 18 Julai. Nijibu kabla ya hapo utatoka lini, nipange safari.

Novatus


Mwanza
11 Julai 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe na baba hamjambo. Mimi naandika nikiwa nimeegemea mto, muuguzi mmoja anaitwa Mackrine kaniazima kalamu, ni msichana wa Kyerwa, tunaongea Kinyambo wenzake wakitusengenya. Barua hii ataibeba ndugu yake anayepanda basi la kesho alfajiri.

Habari ya Ijumaa nimeisoma mara nyingi. Nililia kama alivyosema nitalia. Miezi miwili nilikuwa namwibia mende mgongoni, kumbe alikuwa ananigeuzia mgongo makusudi nipate kuiba. Siku ambazo alijua na siku ambazo hakujua, sitaweza kuzitenganisha, na nimeacha kujaribu.

Upasuaji wamenifungua, wakatazama, wakanifunga. Daktari ni mtu mpole. Alisema uvimbe umeshatembea, umefika kwenye ini. Nilimuuliza kama ningefika ile tarehe ya Aprili ingekuwaje, akasema maswali hayo hayamsaidii mgonjwa. Nakuandikia wewe kwa sababu sitaki uje ulisikie kwa mtu mwingine. Wa kulaumiwa si mende, si Anatory na ufunguo wake, si Rogasian. Wala sitaki ukae unajihesabia makosa. Nimekukasirikia vya kutosha mwezi wa sita, sasa nimechoka, na ninakupenda.

Lakini usipande gari tarehe 18. Andika huko kazini kwako uwaambie unalotaka kuwaambia. Mwite Prudensia na watoto, nyumba ni kubwa.

Nitarudi wakinipa nguvu za safari, ila nitarudi kulala, si kulima. Kwa hiyo shika haya. Baba anaogeshwa Jumatano na Jumamosi, mchana jua likiwa ukutani. Maji yawe ya vuguvugu. Anza na miguu, usianze na kichwa, akimwagiwa kichwani anadhani anazama. Mpe kitambaa ashike mkononi, asipokuwa na kitu cha kushika anapiga. Kucha za miguu ni ngumu, ziloweke kwanza. Mgongoni ana kovu, usilisugue. Zungumza naye wakati wote, lolote, hata bajeti. Ukimaliza mfunike kwa lile blanketi la kijani, kaa karibu naye mpaka aache kutetemeka, na usiondoke kabla hajaacha.

Keshokutwa ni Jumamosi.

Dada yako,
Adelgunda